Kupunguza Maumivu ya Watoto Hospitalini: Hali ya Kindu na Jimbo la Maniema

Maumivu humfikia mtoto hospitalini kwa njia tatu. Ya kwanza ni ugonjwa au jeraha lililomleta: mifupa inayouma ya mwenye ugonjwa wa selimundu, ngozi iliyoungua, mguu uliovunjika, kichwa kinachogonga kwa malaria. Ya pili ni upasuaji na siku zinazoufuata. Ya tatu ni matibabu yenyewe, yaani sindano, kutafuta mshipa wa dripu, kutoa damu, kusafisha kidonda na kunyoosha mfupa. Njia hizi hutofautiana kwa chanzo, kwa muda na kwa tiba, na hospitali inayotaka kuwapunguzia watoto mateso haina budi kuishughulikia kila moja kwa utaratibu wake.

Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaonyesha suala hili kwa uwazi. Mji umekaa kwenye kingo mbili za mto Lualaba: komine za Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, Alunguli upande wa mashariki. Jimbo lina zoni za afya 18, na katika kila zoni vituo vya afya hupeleka wagonjwa wenye hali ngumu kwenye hospitali kuu ya rufaa. Mtoto anayepewa rufaa husafirishwa kwa pikipiki, kwa baiskeli au kwa mtumbwi, na aliyevunjika paja huhisi kila shimo la njia. Dawa nazo hufika kwa ndege, kwa reli itokayo kusini, au kwa barabara ambazo mvua huzifunga. Katika mazingira hayo ni rahisi kuamini kwamba tiba ya maumivu ni anasa ya hospitali tajiri. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa dawa za bei nafuu, karatasi, kalamu na saa ya ukutani. Sehemu iliyobaki, hasa mofini na haidroksiurea, dawa ya kuzuia mashambulio ya selimundu, inategemea maamuzi ya sheria na ununuzi ambayo baadhi ya nchi jirani zimekwisha kuyafanya.

Kwa nini maumivu ya watoto yalipuuzwa

Kupuuza huku hakukuanzia Afrika. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu, wengine bila dawa yoyote ila ile ya kulegeza misuli ili wasitikisike. Madaktari waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijakomaa, kwamba hana kumbukumbu, na kwamba dawa kali zitamuua. Mwaka 1987 daktari K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti wa watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata msukosuko mdogo wa homoni na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wale ambao hawakupewa. Tangu hapo hoja ya kwamba mchanga haumii ilipoteza msingi wake wa kisayansi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, Anna Taddio na wenzake wa Toronto walionyesha kwamba maumivu huacha alama. Wavulana waliotahiriwa siku za mwanzo za maisha bila ganzi walilia na kukunja uso zaidi walipochanjwa wakiwa na miezi minne hadi sita, kuliko wale ambao hawakutahiriwa. Mwili ulikuwa umejifunza kuumia. Kwa jamii ambazo tohara ya watoto ni ya kawaida, matokeo hayo yana uzito wa moja kwa moja: ganzi kabla ya kukata ni sehemu ya tohara salama, sawa na kisu kisafi.

Madhara ya maumivu yasiyotibiwa yanaonekana pia kwa macho wodini. Mtoto aliyepasuliwa tumbo, pengine kwa sababu utumbo umetoboka kutokana na homa ya matumbo, hupumua juujuu na hathubutu kukohoa. Makohozi hukaa mapafuni na nimonia huanza. Anayeumia hali wala halali vizuri, na kidonda chake huchelewa kupona. Na mama aliyemwona mwanawe akishikwa na watu wanne huku akipiga mayowe hukawia kurudi hospitali mara nyingine ugonjwa unaporudi. Kutuliza maumivu, basi, ni sehemu ya kuponya.

Zipo pia sababu za nyumbani. Watoto wa kiume hufundishwa mapema kwamba kulia ni aibu. Wazazi huchelea kumsumbua muuguzi mwenye wagonjwa wengi. Muuguzi naye, akimkuta mtoto amelala kimya, huona kwamba ametulia. Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyepungukiwa damu au aliyeumia kwa siku nyingi hana nguvu ya kulia. Hujikunja, huangalia ukutani, huacha kucheza na hakatai kuguswa kwa sababu amekata tamaa. Ukimya wake ni dalili, na wodi isiyojua kuisoma itawahudumia wenye sauti na kuwaacha walioumia zaidi.

Kupima kile kisichoonekana

Maumivu yasiyopimwa hayatibiwi kwa uhakika. Joto la mwili hupimwa na kuandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa mara kadhaa kwa siku. Maumivu yanaweza kuandikwa mstari unaofuata, kwa dakika moja zaidi.

Njia ya kupima hufuata umri. Mtoto wa miaka minane na kuendelea kwa kawaida anaweza kutaja namba kati ya 0 na 10. Wa miaka minne hadi saba huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia uso uliotulia hadi uso wa mwenye maumivu makali, naye hugusa ule unaofanana na anavyojisikia. Mtoto mdogo zaidi, au yule asiyeweza kusema, hupimwa kwa kutazamwa. Kipimo cha FLACC, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997, huangalia mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na jinsi anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla yake huwa kati ya 0 na 10. Kwa wauguzi waliosoma kwa Kifaransa, kama walivyo wa Kongo, kipo kipimo cha EVENDOL kilichotengenezwa Ufaransa kwa watoto walio chini ya miaka saba. Kina mambo matano pia, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 4 kati ya 15, mtoto anapaswa kupewa dawa. EVENDOL ina faida kubwa kwa wodi ya watoto wagonjwa sana, kwa sababu huhesabu pia kupooza kwa mahusiano: mtoto asiyejali anayemkaribia hupewa alama za juu badala ya kudhaniwa kuwa ametulia.

Kipimo hakina maana kikiwa peke yake. Alama ya juu inapaswa kufuatwa na dawa au tendo fulani, na baada ya saa moja mtoto apimwe tena ili ijulikane kama imesaidia. Mzunguko huo wa kupima, kutibu na kupima tena ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Mama anayelala na mtoto wodini ana nafasi ya pekee hapa. Anajua kilio cha njaa na kilio cha maumivu. Akiulizwa, "Mama, leo mtoto ameamkaje? Ameumia usiku?", jibu lake ni sehemu ya kipimo.

Dawa: kwa mdomo, kwa saa, kwa uzito

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 1986 ngazi ya hatua tatu ya kutibu maumivu ya saratani. Kwa watoto ngazi hiyo ilifupishwa mwaka 2012 kuwa hatua mbili. Maumivu madogo hutibiwa kwa parasetamoli au ibuprofeni. Ya kati na makali hutibiwa kwa mofini. Hatua ya katikati, iliyokuwa ya kodeini, iliondolewa. Mwaka 2019 WHO iliufuta mwongozo huo kutokana na shaka kuhusu ushawishi wa kampuni za dawa, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mwingine wa maumivu sugu ya watoto. Mwongozo huo uliweka tahadhari kubwa zaidi kwa dawa za jamii ya afyuni, lakini haukuiondoa mofini kwa mtoto aliye karibu na kifo au mwenye ugonjwa unaofupisha maisha. Kanuni za msingi zimebaki: dawa ipite mdomoni inapowezekana, itolewe kwa saa, na kipimo chake kimfuate mtoto mwenyewe.

Kutoa dawa kwa saa ndilo badiliko rahisi zaidi lenye faida kubwa zaidi. Agizo la "mpe akiumia" huishia katika kutompa, kwa kuwa hakuna mwenye jukumu la kuuliza. Maumivu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha kuliko ambayo ingetosha kuyazuia. Parasetamoli inayotolewa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku humweka mtoto chini ya kizingiti cha maumivu mchana na usiku.

Hesabu yake ni fupi. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila saa sita, bila kuzidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 hupewa miligramu 180. Sharubati yenye miligramu 120 katika mililita 5 itatolewa mililita 7.5. Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kilo, kila saa nane, kwa mtoto aliyezidi miezi mitatu. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, hivyo zinaweza kutolewa pamoja kwa maumivu ya mfupa au baada ya upasuaji. Ibuprofeni haifai kwa mtoto aliyekaukiwa maji mwilini, anayetokwa damu au mwenye figo dhaifu. Mwenye utapiamlo mkali au ugonjwa wa ini anahitaji tahadhari hata kwa parasetamoli. Kwa sababu hiyo mizani inayofanya kazi ni kifaa cha tiba ya maumivu: mtoto anayekadiriwa uzito kwa macho hupewa dawa pungufu isiyomsaidia, au dawa nyingi inayomdhuru.

Ni muhimu vilevile kujua dawa za kuepuka. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kodeini na tramadoli zisipewe watoto walio chini ya miaka 12. Ini ndilo linalozigeuza dawa hizi kuwa kali zaidi, na kasi ya kugeuza hutofautiana mno kati ya mtu na mtu: mmoja hapati nafuu yoyote, mwingine hupata nguvu inayoweza kusimamisha pumzi. Tramadoli ni rahisi kuipata madukani kuliko mofini, hasa kwa kuwa haimo katika udhibiti wa kimataifa, na ndiyo maana huingia wodini kwa mlango wa nyuma. Aspirini haipewi mtoto mwenye homa ya virusi kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Na sindano ya kwenye msuli, iwe ya diklofenaki au ya novaljini, humwongezea mtoto maumivu mapya ili kumtulizia ya zamani. Mtoto anayeweza kumeza hana sababu ya kuchomwa.

Mofini: dawa iliyozuiliwa na hofu

Kwa maumivu makali, kama ya kuungua, ya mfupa uliovunjika, ya selimundu iliyopamba moto au ya saratani, parasetamoli haitoshi. Mofini ya maji ya kunywa ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu kwa watoto. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja huanzishwa kwa takriban miligramu 0.2 kwa kilo kila saa nne. Yule wa kilo 12 hupewa miligramu 2.4, ambazo katika mchanganyiko wa miligramu 5 kwa mililita 5 ni mililita 2.4. Wachanga huhitaji kiasi kidogo zaidi na uangalizi wa karibu. Kila anayetumia mofini huhesabiwa pumzi na kuangaliwa usingizi wake, hupewa dawa ya kulainisha choo ikiendelea kwa siku kadhaa, na naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, huwekwa karibu. Mtoto aliyepewa mofini kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo sahihi na kwa siku chache, ni nadra sana kugeuka mraibu.

Hata hivyo mofini haigawanywi duniani kwa haki. Tume ya jarida la The Lancet kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wenye maradhi mazito, ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizogawiwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa uzito sawa na wa mofini, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Tume hiyo ilikadiria kwamba karibu watoto milioni 2.5 hufariki kila mwaka wakiwa katika mateso makali yanayohusiana na afya, na zaidi ya asilimia 98 yao wako katika nchi zinazoendelea. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unazitaka serikali kuzuia matumizi mabaya ya dawa hizi, lakini unatambua pia kwamba ni za lazima kwa kutuliza maumivu. Kila nchi hutuma makadirio ya kiasi inachohitaji kwa mwaka. Ikikadiria kidogo, itaruhusiwa kununua kidogo, na hospitali ya mbali kama ya Kindu itakuwa ya mwisho katika mgao wa hicho kidogo.

Uganda inaonyesha kwamba hali hii hubadilika. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kutengeneza mofini ya maji kutoka unga, ikitiwa rangi tofauti kulingana na nguvu yake ili mgonjwa na mhudumu wasichanganye chupa. Mwaka 2004 serikali ilibadili kanuni na kuwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, hatua iliyoitangulia nchi nyingine yoyote. Mofini hutolewa bure kwa wagonjwa. Kenya ilisukumwa kuchukua hatua na ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya mwaka 2010, iliyoeleza jinsi watoto wa nchi hiyo walivyokosa mofini hata katika hospitali kubwa. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam imekuwa ikitayarisha mofini ya kunywa. Kwa Maniema somo la Uganda ni zito zaidi, kwa sababu madaktari ni wachache na wauguzi ndio walio karibu na kitanda. Sheria inayomruhusu muuguzi aliyefundishwa, pamoja na kabati lenye kufuli mbili na daftari la kuandikia kila mililita, huleta ulinzi na huduma kwa pamoja.

Maumivu yanayoletwa na matibabu

Maumivu haya ndiyo yaliyo mikononi mwa hospitali kabisa, kwa kuwa hospitali yenyewe ndiyo inayoyasababisha. Hatua ya kwanza ni kuacha yasiyo ya lazima. Mfano mkubwa ni malaria kali. Kwa miaka mingi watoto walidungwa kwinini kwenye msuli, na baadhi yao walipata majipu, paja lililokakamaa au mguu uliopooza kwa sababu mshipa wa fahamu wa tako ulijeruhiwa. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuwahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti ya sindano ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5 ikilinganishwa na kwinini. Dawa iliyookoa maisha zaidi ndiyo pia inayohitaji muda mfupi na dripu chache. Kwa mantiki hiyohiyo, vipimo vya damu hukusanywa kwa mchomo mmoja, na dawa ya mshipani hubadilishwa kuwa ya kumeza mara tu mtoto anapoweza.

Hatua ya pili ni namna ya kuchoma. Mwaka 2015 WHO ilitoa ushauri kuhusu maumivu ya chanjo, na karibu wote hauhitaji fedha: mtoto akae mapajani mwa mama badala ya kulazwa na kushikwa kwa nguvu, anayenyonya anyonyeshwe kabla na wakati wa kuchomwa, sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho, bomba lisivutwe nyuma baada ya sindano kuingia, mtoto mdogo apewe kitu cha kumshughulisha. Kumwambia "haitauma" ni kumdanganya, na mtoto aliyedanganywa mara moja haamini tena. Kumwambia kwamba itauma kidogo na itakwisha haraka ni bora.

Kwa mtoto mchanga, njiti hasa, maji ya sukari ya kiwango maalumu yanayodondoshwa ulimini dakika mbili kabla ya kuchomwa kisigino hupunguza kilio, na pia kumlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Mbinu hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya uhaba wa vifaa vya kutunza joto, na inaifaa hospitali yoyote ambayo umeme wake si wa kutegemewa.

Vidonda vya kuungua ndivyo vinavyodai zaidi. Chukua mtoto wa miaka miwili aliyejimwagia mawese ya moto kutoka kwenye mbabula. Atafunguliwa bendeji mara nyingi kwa wiki kadhaa, na siku ya kwanza ndiyo itakayoamua kama siku zinazofuata zitakuwa vita. Kazi iliyopangwa vizuri huanza saa moja kabla: saa mbili asubuhi muuguzi humpa parasetamoli na mofini ya kunywa, saa tatu ndipo kidonda hufunguliwa. Maji safi yenye chumvi ya dawa, yaliyopashwa moto kidogo, humiminwa juu ya gozi hadi ilegee yenyewe. Gozi huinuliwa kuanzia pembeni, polepole, bila kuchunwa. Mama huketi upande wa kichwa, uso wake ukionekana, akimwimbia au akimpa kitu cha kushika, na kazi ya kumbana mikono haiwi yake. Vifaa vyote vimekwisha pangwa mezani, ili kidonda kisikae wazi wakati mtu anatafuta mkasi. Gozi mpya hupakwa vaselini isigande. Kidonda kikiwa kikubwa, ketamini hutolewa na mtu aliyefundishwa, penye oksijeni na kifaa cha kusaidia kupumua. Ketamini humlaza mtoto na kumwondolea maumivu huku pumzi yake kwa kawaida ikiendelea, na haihitaji mashine ya nusukaputi. Kwa sababu hiyo, pendekezo la China la kuiweka chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 2015 lilipingwa vikali na madaktari wa nchi maskini, na WHO ikashauri isidhibitiwe.

Kwa mfupa uliovunjika, dawa ya kwanza ni kutulizwa kwa kiungo. Mguu uliofungwa gango katika kituo cha afya, kabla ya pikipiki kuwashwa, huuma kidogo sana kuliko ulioachwa uning'inie. Hospitalini, ganzi ya lidokeini inayodungwa kuzunguka mshipa wa fahamu wa paja huondoa maumivu ya paja lililovunjika kwa muda wa kutosha kulinyoosha. Mtendaji anahitaji mafunzo ya siku chache na kipimo kisichopita mpaka unaowekwa na uzito.

Selimundu: maumivu yanayorudi

Selimundu, ambayo wengi nchini Kongo huiita SS, inastahili nafasi yake, kwa sababu watoto wake hurudi wodini mara kwa mara na maumivu yao hayana jeraha la kuonekana. Uchunguzi wa watoto wachanga jijini Kisangani, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta karibu mmoja kati ya mia ana ugonjwa huu. Jijini Kinshasa ilikuwa asilimia 1.4. Chembe za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na mfupa unaokosa damu huuma kwa ukali ambao hata mtu mzima hulia. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mikono na miguu ya mtoto mdogo kuvimba, na familia huzunguka kwa waganga wengi kabla ya ugonjwa kutajwa.

Matibabu ya shambulio ni ya haraka: maji ya kutosha, joto, parasetamoli na ibuprofeni pamoja figo zikiruhusu, na mofini ndani ya nusu saa ya kufika ikiwa maumivu ni makali. Mtoto wa SS anayejulikana wodini hatakiwi kushukiwa kwamba anazoea dawa. Anaijua dawa inayomsaidia kwa sababu ameumia mara nyingi. Chanzo cha shambulio, kama malaria au maambukizi mengine, hutafutwa wakati huohuo.

Kinga ndiyo tiba bora ya maumivu haya. Utafiti wa REACH, ulioongozwa kwa upande wa Kongo na daktari Léon Tshilolo wa Hospitali ya Monkole jijini Kinshasa, uliwapa haidroksiurea watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha mashambulio ya maumivu yakishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka mia ya wagonjwa. Malaria na haja ya kuongezewa damu zilipungua, na vifo pia. Dawa ya kumeza kila siku, pamoja na kupima damu mara kwa mara, ilizuia zaidi ya nusu ya maumivu ambayo wodi ingehangaika kuyatibu. Kwa Maniema maana yake ni kwamba kuwapima wachanga na kuhakikisha haidroksiurea haikatiki ni mpango wa kupunguza maumivu, hata kama haujaitwa hivyo.

Mgawanyo wa kazi

Gharama ni kizuizi cha kweli. Katika sehemu kubwa ya Kongo familia hununua dawa, glavu na bomba la sindano kwa orodha iliyoandikwa na muuguzi, na fedha zikiwa chache, dawa ya maumivu ndiyo ya kwanza kufutwa. Hospitali inaweza kuzuia hilo kwa kuiweka parasetamoli, ibuprofeni na ganzi ndani ya bei moja ya kulazwa, na kwa kuzihesabu katika maagizo ya kila mwezi kwa kufuata matumizi halisi ya wodi. Sharubati huwa ghali na nzito kusafirishwa. Vidonge vinavyoyeyuka majini, vyenye nguvu ya kitoto, husafiri vizuri zaidi kwa baiskeli na mtumbwi.

Ndani ya wodi, muuguzi mkuu huweka mstari wa maumivu kwenye karatasi ya kila mtoto na kuubandika ukutani mpango wa dozi kwa uzito. Daktari anayepita asubuhi huuliza alama za usiku kabla ya kusoma vipimo vya maabara, maana swali la mkubwa ndilo linalofanya jambo liandikwe. Zoni ya afya huhakikisha kila kituo kina gango na parasetamoli, na mtu anayejua kuzitumia kabla ya rufaa. Vyuo vya uuguzi na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kindu huingiza somo la maumivu ya mtoto katika mtaala na katika mtihani, pamoja na siku za mazoezi kando ya kitanda. Wizara mjini Kinshasa hubaki na kazi ambazo jimbo haliwezi: makadirio ya mofini yanayolingana na wagonjwa, kanuni zinazomruhusu muuguzi aliyefundishwa kuiandika, na ununuzi wa haidroksiurea.

Maniema imewahi kuifundisha nchi. Tangu miaka ya 1970 mradi wa Kasongo, mji wa jimbo hilo, uliosaidiwa na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulionyesha kwamba vituo vidogo vyenye wauguzi waliofundishwa, vikiunganishwa na hospitali moja ya rufaa, vinaweza kutoa huduma nzuri kwa fedha kidogo. Mpango huo ulichangia kuzaliwa kwa mfumo wa zoni za afya wa nchi nzima. Tiba ya maumivu ya watoto inahitaji muundo huohuo. Maendeleo yake yanapimika kila mwezi kwa hesabu nne: sehemu ya watoto waliopimwa maumivu ndani ya saa ya kwanza ya kulazwa, sehemu ya walioumia sana waliopata dawa ndani ya nusu saa, sehemu ya waliopimwa tena baada ya dawa, na idadi ya siku ambazo parasetamoli au mofini zilikosekana kwenye kabati. Hospitali inayoziandika hesabu hizo na kuzisoma mbele ya wafanyakazi wake itajua ni mtoto gani anaumia, kwa nini anaumia, na ni nani anayepaswa kutenda.